Hesabu ya jioni: kwa nini ukosefu wa ajira Dar es Salaam umegoma kushuka

Saa tatu usiku mpwa wangu huegesha pikipiki barazani, huniamkia, huvua koti, kisha humwaga noti mezani. Kabla hajanawa mikono anatenga elfu kumi pembeni. Hiyo ni hesabu, fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki, haiguswi. Zinazobaki ndizo anazozigawa: mafuta ya kesho, vocha, chochote cha kumtumia mama yake Singida, na akiba ya tairi la nyuma lililoisha kashata. Juzi alipokwisha kutenga hesabu na mafuta hakikubaki kitu. "Mjomba, leo nimemfanyia kazi bosi," akasema, akaenda kulala bila kula.

Kijana huyu ana shahada ya uhasibu. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa mmoja wa watu 135,027 walioomba nafasi 1,596 zilizotangazwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa nchi nzima. Ukigawanya, kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85. Sisi wa umri wangu tulikumbuka mara moja Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipoitwa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Kati ya foleni hizo mbili imepita zaidi ya miaka kumi, na ndani yake mji umepata mabasi ya mwendokasi, daraja la Kigamboni na treni ya umeme. Foleni haikupungua.

Sasa fikiria karani wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu anabisha hodi kwangu kesho asubuhi. Atauliza kila mmoja alifanya nini siku saba zilizopita, na mpwa wangu ataandikwa kuwa ana kazi. Karani hatakuwa amekosea. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi hata saa moja ndani ya wiki kwa malipo au faida huhesabiwa ameajiriwa, na huyu wa kwangu anafanya saa kumi na tano kwa siku. Kipimo chetu cha kitaifa ni kikali kidogo: kinawaingiza miongoni mwa wasio na kazi hata wale walio tayari kufanya kazi ila wameacha kutafuta, pamoja na wale ambao kazi yao haina uhakika wowote. Nakiunga mkono kipimo hicho, kwa sababu kutafuta kazi Dar es Salaam ni gharama. Nauli ya kwenda Posta na kurudi, kudurufu vyeti, kukaa foleni mtandaoni kwa kifurushi cha kununua: mtu asiye na kitu ataendelea kutafuta kwa miezi mingapi?

Tukitumia kipimo hicho cha kitaifa, tafiti za nguvukazi zinaonyesha jambo ambalo sijaona likijadiliwa inavyostahili. Kwa Tanzania Bara kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 12.9 mwaka 2000/01, kikawa 11.7 mwaka 2006, kikawa 10.3 mwaka 2014 na 9.0 mwaka 2020/21. Kimeshuka polepole lakini bila kurudi nyuma. Dar es Salaam ina historia yake. Mwaka 2000/01 karibu nusu ya nguvukazi ya mkoa huu haikuwa na kazi. Mwaka 2006 ikawa karibu theluthi moja. Mwaka 2014 ikawa kama moja ya tano. Huo ni mteremko mkali, na wanasiasa wana haki ya kuusema. Ila ukifika 2020/21 unakuta bado ni moja ya tano. Gari lililokuwa likishuka kwa kasi limesimama.

Kuna watakaosema ni korona. Ni kweli utafiti wa 2020/21 ulifanyika wakati hoteli zimebaki tupu na mizigo kutoka nje imechelewa. Korona ina sehemu yake, siikatai. Lakini kabla yake tulikuwa na miaka mitano ya uchumi uliokua kwa asilimia 6 hadi 7 na ujenzi mkubwa kuliko wowote mji huu uliowahi kuuona. Kama ajira zingekuwa zikiongezeka kwa mwendo ule wa 2000 hadi 2014, mwaka mmoja mbaya usingetosha kufuta mafanikio yote. Kwa hiyo natafuta sababu ya ndani zaidi, na naanza kuitafuta kwenye kile kilichoushusha ukosefu wa ajira hapo mwanzo.

Wanaokumbuka miaka ya 1990 wanalijua neno ridandansi, yaani kupunguzwa kazini. Mashirika ya umma yaliwekwa chini ya tume ya kuyarekebisha, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa, na serikali ikapunguza watumishi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, kilikuwa na ving'ora vilivyouamsha mtaa mzima. Kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilibaki jina la eneo pale Kawe. Baba aliyekuwa na mshahara, bima ya kiwanda na basi la wafanyakazi alirudi nyumbani na bahasha ya kiinua mgongo, na mama akaanza kukaanga maandazi. Hiyo karibu nusu ya mwaka 2000/01 ilikuwa watu wa aina hiyo na watoto wao, pamoja na vijana waliokuwa wakishuka Ubungo kila siku kutoka mikoani.

Halafu zikaja bidhaa za bei nafuu. Pikipiki za Kichina na Kihindi zilimiminika kuanzia katikati ya miaka ya 2000, bajaji zikafuata. M-Pesa ikaingia 2008, na kila kona ikapata mwavuli na wakala. Kariakoo ikawa duka la jumla la nchi tano. Vijana waliokuwa kijiweni wakapata cha kuendesha, cha kubeba, cha kuuza. Mji uliokuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012, ukikua kwa asilimia 5.6 kila mwaka, uliwameza bila mwajiri mmoja mkubwa kuongezeka. Hiyo ndiyo siri ya mteremko wa kutoka nusu hadi moja ya tano, na ninaamini ndiyo pia sababu ya kusimama kwake.

Nieleze kwa nini. Bosi wa mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Si tajiri hata kidogo. Alikopa kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, akanunua pikipiki kwa kama milioni mbili na laki nane, akampa kijana kwa mkataba: elfu kumi kila siku kwa miezi kumi na minne, kisha chombo kinakuwa cha dereva. Mkataba wenyewe ni daftari la kaunta lililopigiwa mistari kwa rula. Kila jioni mpwa wangu anatuma hesabu kwa simu, na kila Jumapili mwalimu anapitia daftari na kusaini. Ukizidisha siku mia nne na ishirini kwa elfu kumi unapata milioni nne na laki mbili. Tofauti inalipa riba ya SACCOS, inaziba mapengo ya mshahara wa mwalimu, na inabaki kidogo. Kwa hiyo chombo hiki kimezaliwa na mshahara: bila mwalimu mwenye hati ya mshahara, SACCOS isingetoa mkopo. Na kinaishi kwa mishahara: abiria wake wa asubuhi ni karani wa kiwanda, muuguzi, mlinzi anayetoka zamu. Wanaotembea kwa miguu kwenda kubangaiza hawapandi boda.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi kana kwamba ni sponji inayoweza kunyonya watu bila kikomo, mji wa pili unaojitegemea chini ya mji wa kwanza. Siuoni hivyo. Boda, mama lishe, winga anayepeleka wateja madukani, wakala, fundi viatu, wote wanakula kutoka kwenye mifuko ya watu wanaolipwa mshahara, moja kwa moja au kwa mkono wa pili. Mishahara ikiongezeka, nafasi ya wabangaizaji inaongezeka. Mishahara ikisimama, kila boda mpya anayefika kijiweni anawapunguzia abiria waliomtangulia. Pale Goba, kwenye kijiwe cha mpwa wangu, walikuwa madereva kumi na wawili alipoanza. Sasa wameandikishwa thelathini na mmoja, na nyumba za pale ni zilezile. Takwimu itawaandika wote thelathini na mmoja kuwa wana kazi. Lakini kuna mahali kijana wa thelathini na mbili anaambiwa kijiwe kimejaa, arudi nyumbani, na huyo ndiye anayeifanya moja ya tano isishuke tena.

Ukikubali hoja hiyo, matukio kadhaa ya miaka hii kumi unaanza kuyatazama kwa jicho jingine.

La kwanza ni Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali inahamia huko, na wizara zikahama moja baada ya nyingine. Sipingi uamuzi huo, ulisubiriwa tangu 1973. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyepiga hesabu ya kilichobebwa pamoja na mafaili. Ofisa mmoja akihama kutoka Kivukoni, anahama na chai ya saa nne, chakula cha mchana, kung'arisha viatu, bajaji ya jioni, fundi wa mashati na kodi ya nyumba ya Tabata. Mama lishe aliyekuwa akipika kilo kumi za mchele nyuma ya wizara hakupata barua ya uhamisho. Yeye hakuwahi kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa hiyo kupungua kwake kutoka kilo kumi hadi nne hakukuandikwa popote. Bado ana kazi, akiulizwa.

La pili ni Pwani, na hili ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na ukuaji wake umeshuka hadi asilimia 2.1 kwa mwaka kutoka ile 5.6. Mtu wa haraka atasema mji umepoa. Aangalie mkoa wa jirani: Pwani imepanda kutoka watu milioni 1.1 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 2 mwaka 2022. Mji haukupoa, umevuka mpaka. Umefika Kibaha na Mlandizi, Vikindu na Mkuranga, Mapinga kuelekea Bagamoyo. Viwanda vimetangulia au vimefuata huko, vya vigae na vya nondo, na bandari kavu ya Kwala imeanza kazi rasmi mwaka 2025. Ardhi ni nafuu, malori hayakwami kwenye foleni ya makutano ya Tazara.

Kwa hiyo kijana wa Mbagala anaweza kuwa kibarua Mkuranga, na wa Mbezi akawa kibarua Kibaha, lakini sisi tunaendelea kupima ajira ya "Dar es Salaam" kwa mipaka ya mkoa ambayo soko la ajira limeshaisahau. Usafiri nao umepangwa kwa mawazo ya zamani, kwamba asubuhi kila mtu anaelekea mjini. Mwendokasi wa awamu ya kwanza, ulioanza Mei 2016, unaleta watu kutoka Kimara kuja Kivukoni, Gerezani na Morocco. Njia yake maalumu inaishia Kimara, na anayekwenda upande wa pili, kwenye viwanda, anajitafutia mwenyewe. Tumepanua barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane, kazi nzuri kabisa. Ila kibarua wa kiwandani hana gari la kupita kwenye njia hizo nane. Analipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi.

Na analipwa nini? Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha viwandani na kwenye biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Amri ya 2025 ilivipandisha viwango vya sekta binafsi kwa wastani wa theluthi moja, jambo la kushukuru. Lakini hebu linganisha. Ukigawa laki moja na nusu kwa siku 26 za kazi unapata shilingi 5,769. Mpwa wangu anamtumia bosi elfu kumi kwa siku. Pikipiki iliyosimama chini ya mwembe inamwingizia mwenyewe karibu mara mbili ya kile ambacho sheria ilimhakikishia binadamu aliyesimama mbele ya tanuri la vigae. Vijana wanaijua hesabu hiyo. Wanaposema afadhali boda, wazee huwaita wavivu wanaokimbia kazi za viwandani. Ukikaa nao ukapiga hesabu pamoja nao, huwezi kuwaita hivyo tena.

La tatu nitalipitia haraka, ni stendi. Ubungo ilipofungwa na mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Luis mwaka 2021, kundi zima la wapiga debe, wabeba mizigo na wauza maji lilihama au likapotea. Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro, na sehemu ya abiria wa mabasi ikahamia stesheni, ambako muuza karanga hapiti getini. Kila kimoja ni maendeleo, ninavipanda mwenyewe. Ila vikao vya kupanga miradi hii huhesabu mifuko ya saruji na ajira za ujenzi, havihesabu riziki zilizosimama juu ya stendi inayofungwa.

Halafu kuna machinga, wauza bidhaa wa barabarani. Mji huu una historia ndefu ya kumwona asiye na kazi kama uchafu wa kufagiwa. Wakoloni walikuwa na sheria yao ya miaka ya 1940 ya kuwaondoa waliowaita wasiotakiwa. Sisi wenyewe mwaka 1983 tulikuwa na operesheni ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupakiwa kurudishwa vijijini. Waliorudishwa walirudi tena mjini, wengi ndani ya mwezi. Mwishoni mwa 2018 tukabadilika, machinga wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na Oktoba 2021 tukabadilika tena, wakaondolewa kandokando ya barabara kwenda maeneo maalumu. Tusisahau kwamba uondoaji huo ulikuja baada ya utafiti wa 2020/21. Ile moja ya tano haina hata mmoja wa waliopoteza meza zao mwezi ule.

Wengi waliorudi Kariakoo walirudi bila meza. Leo wanaitwa mawinga. Nilisimama na mmoja wao Mtaa wa Kongo asubuhi nzima mwezi uliopita, dada wa miaka ishirini na sita aliyemaliza stashahada ya ugavi. Hana duka, hana bidhaa, ana simu na sauti. Anamdaka mteja anayeshangaa, anamuuliza anatafuta nini, anampeleka ghorofa ya tatu kwenye duka analolijua, na bei ya elfu kumi na nane anaitaja ishirini na mbili. Elfu nne ni cha juu chake. Kuanzia saa mbili mpaka saa saba mchana alipata cha juu mara mbili. Wateja wengine sita waliingia madukani, wakapunguziwa bei mpaka cha juu kikafutika, na akawashukuru kwa tabasamu lilelile. Nilimuuliza akikosa kabisa inakuwaje. "Nauli ya kurudia naikopa kwa mwenzangu, kaka. Kesho na yeye atakosa, nitampa mimi."

Mabinti wanastahili kutazamwa peke yao katika takwimu hizi. Kwa Dar es Salaam ukosefu wa ajira kwa wanawake umekuwa juu kuliko wa wanaume katika tafiti hizi, na sababu yake inaonekana ukitembea vijiweni. Hesabu inahitaji chombo, na chombo anapewa mwanamume. Sijaona daftari la mkataba wa boda lenye jina la msichana mtaani kwetu, ingawa pikipiki mbili za kijiweni zinamilikiwa na wanawake. Msichana anaambiwa afungue genge au asuke, kazi zinazomfunga mahali pamoja, penye wateja wachache kuliko wanaopita barabarani. Mtaji anautoa kwenye mikopo ya riba kubwa ya mitaani, kausha damu, na kausha damu haisubiri miezi kumi na minne.

Serikali haikukaa kimya, na ni haki kusema hivyo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikarudishwa 2024. Nilihudhuria ugawaji mmoja. Kikundi kilisimama mbele, kikapiga picha, kikakabidhiwa pikipiki zinazong'aa, watu wakapiga makofi. Moyo wangu ulikuwa na wale thelathini na mmoja wa Goba. Fedha ya umma inaongeza madereva mahali ambapo kinachopungua ni abiria. Ningekuwa diwani ningesimama kupinga hata kama wapiga kura wangu wangenizomea.

Fedha hiyohiyo ingeweza kwenda Keko kwa mafundi seremala, au Gerezani kwa wachomeleaji, au kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Vingunguti, kwa sharti la kuajiri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Fundi wa Keko akipewa oda ya madawati mia tatu ya shule za Temeke na akalipwa kwa wakati, atahitaji vijana wanne kwa miezi miwili, atawalipa kwa wiki, na hao wanne watapanda boda. Neno zito hapo ni kulipwa kwa wakati. Fundi ninayemfahamu alipeleka samani kwenye taasisi moja, akasubiri malipo miezi tisa, akawaachisha vijana wote na kuuza mashine ya randa. Ajira nne zilikufa ndani ya faili moja lililokuwa likisubiri saini.

Mikataba ya hesabu nayo imeachwa kama jambo la watu wawili na daftari lao, wakati kwa mji huu ndiyo mikataba ya ajira iliyo mingi zaidi machoni pangu. Pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi na tatu, nani ana hasara? Dereva akivunjika mguu, siku zinaendelea kuhesabiwa? Kijiweni kwetu yupo aliyelipa mwaka mzima, akalazwa wiki sita, akatoka hospitali na kukuta chombo kimepewa mwingine. Hakuwa na pa kushtaki. Serikali ya mtaa ina mhuri, ina ofisi, na inaandikisha mikataba ya viwanja kila siku. Fomu moja ya kurasa mbili, yenye bei kamili, idadi ya siku, utaratibu wa ugonjwa na ajali, ingemlinda kijana na ingemlinda mwalimu pia, maana naye anaweza kuamka akaambiwa dereva amekimbia na chombo hadi mpakani Tunduma.

Na tubadilishe maswali ya karani. Mbali na kuuliza kama mtu alifanya kazi wiki iliyopita, aulize alitoa kiasi gani kwa mwenye chombo na kikabaki kiasi gani. Ahesabu Dar es Salaam pamoja na Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo kama soko moja. Tukiyapata majibu hayo nadhani tutashtuka, lakini angalau tutakuwa tunabishana juu ya mji tunaoishi.

Mkataba wa mpwa wangu unaisha mwezi wa tatu. Nimeanza kumwona akiifuta pikipiki kwa kitambaa kikavu asubuhi kabla hajawasha, kitu ambacho mwaka jana hakuwa nacho muda. Wiki iliyopita nilimuuliza atafanya nini chombo kikishakuwa chake, nikitegemea ataniambia sasa kila shilingi itakuwa yake.

"Nitampa mdogo wangu anayekuja kutoka Singida," akasema. "Aniletee hesabu ya elfu nane, mjomba. Mimi nikatafute kazi."